Karani wa Kura za Wengine

Karani hakupiga kura hata moja katika nchi hii, na bado sijakutana na mtu aliyezijua kura za Wamarekani kama yeye. Ukimtajia mtaa wowote wa kaskazini mwa Columbus, kule mji unakoishia na majumba yenye nyasi zilizonyolewa yanakoanzia, angekwambia wanaokaa pale ni watu gani, walihamia kutoka wapi, wanafanya kazi gani, na uchaguzi uliopita walimpa nani. Kisha angekupa na uchaguzi wa kabla ya huo, hata kama hukumwomba. Aliyasema yote bila kupandisha sauti, penseli sikioni.

Nazungumzia mwaka 2014 na ile miwili iliyofuata. Alikuwa anakaa kwenye fleti za kando ya barabara kuu, ambako Wanepali, Wasomali na sisi wa Maziwa Makuu tulipangwa ghorofa kwa ghorofa. Mimi nilipanga chumba University District pamoja na wasichana wawili wa Kenya. Asubuhi nilifanya kazi jikoni kwenye bweni la chuo, jioni nasoma. Jumapili baada ya ibada nilipanda basi kwenda kumwona, kwa sababu mama yangu, aliyebaki Louisville, mji tuliofikia kwanza Marekani, aliniagiza nimwangalie mzee huyo ingawa mwenyewe hakumpenda. Nitaeleza kwa nini.

Ukutani kwake, mahali ambapo wengine hutundika Yesu au picha ya harusi, palikuwa na ramani ya jimbo la uchaguzi. Aliichapisha maktaba, karatasi moja moja, akaziunga kwa selotepu. Jimbo lenyewe lilikuwa na umbo baya. Lilichukua kipande cha mji, likapita kwenye vitongoji vya matajiri, likanyooka mpaka kwenye mashamba ya mahindi ambako hakuna aliyewahi kutuona. Mji wote wa Columbus ulikuwa umekatwa vipande namna hiyo, na mpaka mmoja ulipita nyuma ya chumba cha kufulia cha fleti zile. Karani hakuchoka kuuonyesha. Mgeni akija kunywa chai, kabla sukari haijayeyuka, ameshainuliwa kwenda kuona mapipa ya taka.

"Bon, angalia," alisema, akiwa amesimama na ndala kwenye theluji. "Hapa penye weye unafulia, uko na mubunge huyu. Ukivuka kutupa takataka, uko na mubunge mwingine. Ukirudi, umerudi kwa wa kwanza."

Lile lilikuwa jimbo la tembo. Sisi wote tuliviita vyama kwa wanyama wao, tembo na punda, na watu wa pale walikuwa wakipeleka tembo Washington tangu kabla Karani hajawa mkimbizi. Akistaafu tembo, anaingia tembo. Kila kituo cha kura alikipaka rangi kwa penseli, nyekundu ya tembo au buluu ya punda, akikoleza au kufifisha kulingana na matokeo. Mji mdogo wa zamani wenye maduka ya matofali ulikuwa mwekundu wa kuiva. Majumba mapya yaliyojengwa juu ya mashamba, yenye watu wa maofisini waliotoka majimbo mengine, yalikuwa mekundu pia, lakini kila uchaguzi yalififia kidogo, na kufifia huko kulimfurahisha kwa namna ambayo sikuielewa, maana hakuwa mtu wa punda wala wa tembo. Alipenda tu kukamata kitu kinachobadilika. Fleti zetu zilikuwa nyeupe. Hakuzipaka kitu.

Nikamuuliza mbona huku ni kweupe.

"Kwa sababu siye hatupigi. Lakini walituhesabu." Akanieleza kwamba serikali ikihesabu watu inahesabu kila kichwa, cha raia na cha asiye raia, hata cha mtoto aliyezaliwa jana, na majimbo yanagawanywa kwa hesabu hiyo. "Donc kiti ya mubunge inakaa juu ya kichwa yangu," alisema akipapasa upara, "lakini mi siwezi kumuuliza kitu." Akacheka. Mimi nilicheka kuliko yeye, kwa sababu sikujua.

Jina la Karani alilipata kwenye kambi ya wakimbizi, Kigoma, ambako mimi nilikulia. Yeye ni Mkongo wa upande wa Uvira, sisi ni Warundi, na alikuwa karani wa bloku yetu. Siku ya mgawo alisimama juu ya kreti na daftari mkononi, akasoma majina, na aliyesomwa alikula. Jina lake halisi lipo, nimeliona kwenye karatasi nyingi, ila hakuna aliyelitumia. Mchungaji alimwita Karani. Mwanawe mwenyewe, akikasirika, alimwita Karani.

Alikuwa na sheria zake, na alitufundisha watoto wa bloku nzima kabla hatujasoma vizuri. Kwanza, kadi haikataliwi. Kadi ya mgawo, ya chanjo, ya kuni, ya chandarua: ofisa akikunyooshea, pokea kwa mikono miwili na useme asante, kazi yake utaijua baadaye. Pili, usiache nafasi tupu. Fomu yenye nafasi tupu ilirudishwa, na kurudishwa ni kwenda mwisho wa foleni, na wa mwisho wa foleni mara nyingi alirudi nyumbani na gunia lililokunjwa. Ukikuta ndiyo na hapana, tia ndiyo, maana hapana inamrudisha mtu nyuma. Tulizijua sheria hizo kama tulivyojua Baba Yetu.

Lakini ukaguse jina! Alama za vema aliweza kuzitia ovyo, na hakuona ubaya wowote. Jina hakulichezea kamwe. Kaka yangu mdogo alipokufa kwa homa, mama alimwomba Karani aliache jina lake kwenye kadi kwa mgawo mmoja tu, ili tupate unga wa kuwalisha waliokuja matangani. Alikuja mwenyewe nyumbani. Alitoa pole, akakaa, hakugusa maji aliyopewa. Kisha akafungua daftari, akaweka kidole chini ya jina la kaka yangu ili rula isiteleze, akalikata kwa mstari.

"Mama, pole sana," alisema. "Lakini mutu hawezi kuandikwa pahali haiko."

Mama hakumsamehe. Mimi nilimchukia kwa miaka mingi, na nikiwa msichana mdogo nilimwombea avunjike mkono. Baadaye, Mungu alipotupeleka wote Louisville, kwenye majengo yaleyale, chuki ikakosa nafasi. Mimi nilikuwa nimeshika Kiingereza haraka shuleni, yeye alikuwa hajui hata neno la kuulizia choo, na mkalimani wa kulipwa hapatikani kila siku. Nikawa mdomo wake. Hospitali, posta, ofisi ya leseni, tulienda pamoja, yeye na bahasha yake ya plastiki yenye kadi zote tangu kambini, mimi na begi la shule.

Columbus alifuata kazi ya ghala. Huko ndiko alikoanza kutembea. Siku za mapumziko alivaa ile fulana ya njano inayomeremeta ya kazini, akaenda kwa miguu kwenye mitaa ya matajiri kuhesabu vibao vya wagombea vilivyochomekwa kwenye nyasi. Fulana ilikuwa akili yake. Mtu mweusi mzee anayetembea polepole akikodolea nyumba za watu huitiwa polisi, lakini mwenye fulana ya njano ni mtu wa gesi au wa maji, haulizwi. Aliwahi kuniambia amepita mbele ya nyumba moja mara nne, na mwenye nyumba akampungia mkono.

Siku moja nilikuwa naye. Gari la polisi lilipunguza mwendo kando yetu, ofisa akatutazama, akaendelea na safari. Hakuna kilichotokea. Lakini Karani alishika nguzo ya sanduku la barua, na hakuiachia mpaka gari lilipopotea. Nilimtania kwamba aliyepita mabomu ya Uvira anaogopa gari lenye taa. Tulirudi nyumbani bila kumaliza mtaa, na karatasi ya hesabu ya siku ile aliichana vipandevipande. Nilidhani ni uzee.

Novemba ya 2014 watu wetu wachache walikuwa wameshaapa uraia, na Karani ndiye aliyewapeleka kupiga kura kwa gari lake. Kituo kilikuwa kwenye ukumbi wa kanisa tuliloabudia sisi wenyewe, mahali alipokula wali kila Jumapili. Siku ile hakuingia hata kwenye uwanja wake. Aliwashusha barabarani, akavuka, akaegesha upande wa pili, vioo juu, akangoja. Bibi mmoja wa Kinepali, aliyefurahi mpaka akalia, alirudi na kile kistika wanachopewa waliopiga kura, akakibandika kifuani kwa Karani kumshukuru. Alikibandua kwa haraka iliyomshtua bibi wa watu. Akakikunja ndani ya karatasi, akanipa.

"Tupa mbali," alinong'ona. "Isiwe kwenye gari yangu."

Nilimwona mkorofi. Nilimwomba bibi radhi kwa niaba yake, kwa ishara za mikono.

Sasa niseme kuhusu binti yake, maana bila yeye utamwona Karani mzee wa ramani tu. Alikuwa na watoto wawili. Wa kiume alikuja naye Marekani. Wa kike alikuwa ameolewa kambini muda mfupi kabla ya safari, na aliyeolewa hutolewa kwenye faili la baba yake, anafunguliwa lake. Faili hilo halikusogea. Baba asiye raia hawezi kumwombea binti aliyeolewa. Raia anaweza. Kwa hiyo Karani alihesabu miezi hadi atakapotimiza miaka mitano ya kuomba uraia, na binti aliihesabu pamoja naye kwa simu, mtandao ukikatika na kurudi.

Aliwahi hata kumwandikia mbunge. Mimi ndiye niliyeiandika barua, kurasa mbili, na akanikataza nisiandike "wapiga kura wako" mahali popote. Jibu likaja, fupi, la kumshukuru kwa kuandika, na saini iliyochapwa na mashine. Alilibandika kwenye friji. Vijana wa kanisani walimcheka kwa kuringia karatasi ya tembo.

"Mubunge ya kwetu alinijibu lini?" aliwauliza.

Katika mtu huyu palikuwa na jambo moja lililonitatiza kuliko yote. Yule wa kadi haikataliwi, katikati ya 2014, aligeuka. Kila Jumapili baada ya matangazo alisimama, akaomba dakika moja, akasema: "Batu ya Mungu, wakiwapa karatasi ya kura na haujaapa, usipokee. Hata wakikubembeleza. Sema hapana." Watu walimzoea. Wengine waliichukua dakika hiyo kuwa nafasi ya kwenda chooni. Na kwenye darasa la uraia la Jumamosi, ambalo mwenyewe alilianzisha kwa kumsumbua mchungaji, aliacha kuja ghafla siku hizohizo. Mwalimu alikuwa amefika kwenye yale maswali ya mwisho ya fomu, ya ndiyo na hapana. Karani aliinuka katikati ya somo, akachukua koti, na hakurudi tena. Tulipomuuliza alisema macho yanamsumbua.

Miaka mitano ilitimia. Hakupeleka fomu. Binti yake alinipigia mimi kutoka kambini akiuliza kama baba amepata mke mwingine huko, amesahau watoto. Nilimtetea, lakini moyoni nilimkasirikia kama siku ya rula. Mwaka 2015 mwanawe alipata nyumba ya bei nafuu katika mji wa Buffalo, kule Black Rock karibu na mto, akamchukua. Karani aliniachia ile fleti, mkataba ukahamia jina langu, akaondoka na ramani.

Mwanzoni mwa 2016, kwa kuwa sisi tulifika Marekani miezi michache baada yake, zamu yangu ya kujaza fomu ikafika. Nilikaa jikoni katika fleti yake, kwenye meza yake, nikafika kwenye yale maswali. Je, umewahi kudai kuwa wewe ni raia wa Marekani? Je, umewahi kujiandikisha kupiga kura? Nikatia hapana, hapana. Ndipo mkono ukanisimama, kwa sababu niliiona kaunta ya ofisi ya leseni ya Louisville.

Nilikuwa na miaka kumi na sita. Mama wa kaunta, mpole, mwenye haraka, alikuwa amemaliza kitambulisho cha Karani, akasogeza karatasi nyingine.

"Anauliza kama unataka kuandikishwa kupiga kura," nilimtafsiria.

"Wanatoa kadi?"

"Wanatoa."

"Kadi haikataliwi."

Nyuma yetu foleni ilikuwa inapumua. Karatasi ilikuwa na visanduku, na kimojawapo kiliuliza kama yeye ni raia. Nilikisoma. Nilikielewa. Pembeni palikuwa na ndiyo na hapana, na mimi ni mtoto wa bloku ya Karani: sikuacha nafasi tupu, na hapana inamrudisha mtu nyuma. Nikatia ndiyo. Yeye akasaini pale nilipomwonyesha. Kadi ilikuja kwa posta, akaiweka kwenye bahasha pamoja na ya chandarua, na tukasahau.

Yeye alikumbuka darasani, siku aliyochukua koti. Mimi nilikumbuka mwaka mmoja na zaidi baadaye, na nikaelewa vyote kwa pamoja, polisi, kistika, matangazo ya Jumapili, simu ya binti. Asiye raia akijiandikisha kupiga kura amevunja sheria kubwa. Akisema kweli kwenye fomu, wanaweza kumfukuza nchini. Akisema uongo, ni kosa jingine juu ya lile, na yeye si mtu wa kuandika uongo juu ya jina lake. Asipojaza kabisa, binti haji. Alikuwa amefungiwa kila upande, na alama iliyomfungia ilikuwa ya mkono wangu.

Ningependa kusema nilimpigia simu siku ileile. Sikumpigia. Nilimaliza fomu yangu, nikaipeleka, nikaacha kumpigia kabisa. Niliogopa kwamba nikisema, jina langu litaunganishwa na lake na uraia wangu utakwama. Miezi ile nililala vibaya na kula vibaya, nikajipa kazi za ziada ili nisifikiri. Nilikuwa mwoga, sina neno jingine.

Yeye ndiye aliyepiga, kiangazi kile. Hakuuliza kwa nini nimekuwa kimya. Alisema: "Ukishaapa, kuya Buffalo. Usikuye mbele ya kuapa."

Niliapa Septemba. Nje ya ukumbi mama mmoja mwenye meza alitugawia raia wapya fomu za kujiandikisha kupiga kura. Niliitia kwenye mkoba bila kuitazama. Jumamosi iliyofuata nilipanda basi la masafa.

Nyumba ya Black Rock ilikuwa nyembamba, ya mbao, na sakafu ya sebuleni ilielemea upande wa mtoni. Mwanawe alikuwa kazini, anahudumia wazee. Ile ramani ya Columbus ilikuwa ukutani, selotepu zimegeuka njano, na kando yake nyingine mpya: mji wa Buffalo wote buluu, East Side buluu iliyokolezwa, halafu vitongoji vya nje vyekundu.

"Umeapa?" aliuliza kabla ya salamu.

"Nimeapa, mzee."

"Leta."

Alikisoma cheti changu kwa kidole, mstari kwa mstari, jina, tarehe, namba, mhuri. Akakigeuza kuona nyuma. Akanirudishia kwa mikono miwili. Ndipo akaitoa bahasha ya plastiki, akaweka mezani kadi ya kura ya Louisville na fomu yake ya uraia, iliyojazwa kwa mwandiko wake wa karani.

"Wakili ya hapa aliniuliza tangu mwaka jana," alisema. "Ananiambia, sema kweli, na tafuta mwenye alijaza ile karatasi, aandike namna ilikuwa. Hiyo njo itanisaidia. Akaniuliza ni nani. Nikamuambia sikumbuki."

"Wewe? Hukumbuki?"

"Mi nakumbuka hata numero ya kadi ya mama yako." Akanyoosha ncha ya bahasha. "Kama ningesema, wangeandika jina yako. Na karatasi yako ilikuwa haijatoka."

Nilimwambia nilikuwa mtoto, wasingenifanya kitu. Akasema labda, lakini hakuwa na hakika, na penye jina la mtu yeye hafanyi labda. Nikalia. Nikamwambia nilikumbuka tangu mwanzo wa mwaka na nikanyamaza.

"Najua. Uliacha kupiga simu."

"Na binti yako? Mwaka mzima, mzee!"

"Anangoja. Amezaa wa tatu." Akatazama dirishani. "Yeye nilimuacha pale. Weye nilikuleta mpaka kwa ile kaunta. Sikuweza kuwapoteza bote wawili."

Sikuwahi kusikia akisema neno kama hilo. Nilijisikia mdogo na mchafu, na pia, niseme ukweli, nilijisikia nimependwa, na sikujua la kufanya na hilo.

Nikamuuliza wakili anasemaje kuhusu matokeo. Wanaweza kusamehe. Wanaweza kukataa na kumfungulia kesi ya kuondolewa. "Na wakiniondoa, watanipeleka wapi?" alisema. "Kambi haiko inchi yangu, na kwetu hakuna tena mutu mwenye kunijua." Alisema kwa utulivu ambao ulinitia hofu kuliko kama angepiga meza.

Niliandika barua hapohapo. Niliandika umri wangu, kaunta, foleni, kisanduku. Nilipofika kwenye sababu nikasita, kwa sababu sababu ilikuwa yeye: karani wa bloku yetu alitufundisha tusiache nafasi tupu, na tutie ndiyo.

"Hii itakuharibia," nikasema. "Wataona ni mafundisho yako."

"Iko kweli ao haiko kweli?"

"Ni kweli."

"Andika."

Nikaandika, nikasaini. Nilipofungua mkoba kutafuta bahasha ya barua, ile fomu ya kura ikachomoza. Aliiona kabla yangu.

"Na hii?"

"Bado sijajaza."

"Kwa nini?"

"Naogopa."

Akacheka, kicheko kile cha kupapasa upara, ambacho nilikuwa sijakisikia siku nyingi. Akavuta kiti karibu. "Jaza hapa. Nione."

Nilijaza jina. Nilijaza anwani, iliyokuwa yake kabla ya kuwa yangu. Kisha kikaja kisanduku kilekile: je, wewe ni raia? Kalamu ikagoma. Naapa ilikuwa nzito, cheti kiko mezani, na bado sikuweza. Karani akaweka kidole chake chini ya swali, kama siku alipokiweka chini ya jina la kaka yangu.

"Hapa sasa weye uko," alisema. "Tia."

Nikatia ndiyo.

Aliinuka, akaenda kwenye ramani ya Columbus, akazitafuta zile fleti nyeupe kando ya barabara kuu, akachukua penseli ya sikioni, akaweka nukta moja. Hakuchukua penseli ya rangi, na hakuniuliza nitampa nani. Akarudi mezani, akaivuta fomu yake. Kurasa zote zilikuwa zimejaa isipokuwa mahali pamoja, na yeye, aliyetufundisha sote, alikuwa ameacha pale patupu mwaka mzima. Aliomba kalamu yangu. Akasoma swali kwa sauti, polepole, kwa Kiingereza chake cha ghala: je, umewahi kujiandikisha kupiga kura?

Akatia ndiyo, akapuliza wino ukauke.